Tezi Zilizokuwa Safi

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Shikamoo yako hunichekesha, maana tumepishana miaka michache tu, ila ukoo umenifanya bibi yako na sina pa kukata rufaa. Hapa Tinde mpunga umechanua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unauliza kama umweleze bibi yako Kabula, dada yangu, ulichojifunza chuoni: kwamba siku hizi, wakipasua saratani ya mfuko wa uzazi, wanaweza kuchoma sindano ya rangi, wakatoa tezi za kwanza kuipokea tu, wakazipima kama zina saratani, na nyingine wakaziacha.

Yeye walimtoa tezi zote za nyonga, zile zinazopitisha maji ya miguu. Ndivyo walivyofanya wakati ule. Siku ya majibu nilimsindikiza, mguu wa kushoto umeshaanza kuvimba. Daktari akasema kwa furaha, "Mayu, mama yetu, tezi zote zilikuwa safi!"

"Kama zilikuwa safi," dada akajibu, "nirudishieni."

Daktari alicheka, na muuguzi akacheka. Dada hakucheka.

Yu hai, nami nashukuru, ila shukrani hiyo naimeza kwa uchungu. Majirani wanasema amekanyaga dawa ya mtu. Mguu hauingii tena kwenye gambuti, kwa hiyo haingii jarubani. Hukaa tutani akitukosoa tunavyopalilia.

Usimweleze, Minza. Swali la kwa nini watoe tezi safi aliliuliza yeye kwanza, kabla ya walimu wako kukufundisha jibu. Ukija likizo mletee gambuti pana la mguu wa kushoto. La kulia analo.

Bibi yako mdogo,
Ng'wasi