Nilimfundisha Kukataa kwa Adabu

Bunia, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani, na njia yote ya mtaa wa Mudzipela ni tope. Nimeona aibu siku nzima. Sitaiita huzuni, maana huzuni ingenipendelea.

Katika kanisa letu, wiki moja kabla ya harusi, akina mama humketisha bibi arusi na kumfundisha. Mambo ya kitandani huachiwa mimi, kwa sababu nimesoma chuo kikuu na inadhaniwa kwamba siogopi maneno. Mwezi uliopita tulimfundisha Dorkasi. Wazazi wake walikimbia mapigano ya Djugu na hadi leo wanalala kambini. Vita hii inaharakisha harusi: mama yake alitaka angalau mtoto mmoja alale chini ya bati.

Nilimwambia nilichoambiwa nami nilipoolewa, kwamba binti aliyelelewa kanisani hakubali upesi. "Umukatalie kwanza, hata mara mbili, asifikiri umezoea."

"Na ya tatu ujifanye umechoka," mama mmoja akaongeza.

Tulicheka sote, nami nikiwamo.

Leo baada ya ibada Dorkasi alinivuta kando. Tangu siku ya harusi, aliniambia, amekuwa akikataa, na mumewe, Faustin, haachi. Mashemasi waliwafundisha wanaume kwamba hapana ya binti wa kanisa ni kuona haya tu.

"Mama, miye nakataa ya kweli. Yeye anasema eti niko na adabu muzuri. Sasa nitakataa na neno gani?"

Chuoni niliandika tasnifu nzima juu ya ridhaa. Nilitetea kwa bidii kwamba kunyamaza si kukubali. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusema, akasikiwa vizuri, na bado neno lake likahesabiwa kuwa adabu tu.

Aliomba jambo moja: niende kwake nimwambie Faustin kwamba hapana yake ni hapana. Nilijibu kwamba nitamwomba Mungu kwanza.

"Omba, Mama," alisema. "Miye narudia kule kule."

Akaenda. Nikamwacha aende.

Nyumbani nilijitafutia sababu za kutokwenda. Ndoa ya watu haiingiliwi. Faustin akiaibika atamrudisha kambini. Mashemasi watasema shule imeniharibu. Huenda baadhi ya sababu hizo ni za kweli, na hilo ndilo linalonisumbua: nilizitumia vizuri mno.

Hata hivyo, saa kumi nilikwenda kwao. Faustin ni fundi wa pikipiki. Nilimkuta barazani akifungua kabureta. Alinipa kiti, akadhani nimekuja kuwabariki. Nilimwambia, Dorkasi akiwa amesimama mlangoni, kwamba nilimfundisha vibaya mke wake, akatae hata akitaka, na kwamba kosa ni langu.

Alifuta mafuta vidoleni. "Mama, na siye walitufundisha vile. Ningejua namna gani?"

Nilikuwa karibu kukubali. Nilikuwa nimekuja na hatia yangu yote, na nilitaka aipokee ili niondoke.

"Nilikuwa nalia, Faustin," Dorkasi alisema. "Na kulia, mashemasi walikufundisha ni adabu?"

Aliinamia kabureta yake. Nilitambua kwamba kwa kujitwika lawama yote nilikuwa nampunguzia Faustin, na kwamba hata toba yangu ilikuwa inamziba Dorkasi mdomo. Au pengine sasa najihukumu kupita kiasi. Sijui.

"Leo nalala peke yangu," Dorkasi alisema.

Faustin alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba ningemfasiria.

"Amesema," nilimwambia.

Alichukua koti, akaenda kwa kaka yake. Labda ameelewa, labda ameona tu aibu mbele ya mgeni.

Kesho asubuhi atarudi. Nimemwahidi Dorkasi kwamba nitakuwapo atakapofika, na ninaiandika ahadi hii hapa, mahali ambapo wengine wataisoma, kwa sababu sijiamini.