Mbwa Wangu Akiambiwa "Usiogope" Anajificha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana hapa nilipo hata chakula hakipiti, mimi ni nesi wa chumba cha sindano, nina mbwa ninayempenda kuliko ninavyothubutu kusema mbele ya mume wangu, tumejiunga na klabu ya mashindano ya mbwa, yale ya kuruka viunzi na kupita kwenye handaki la turubai, sasa nyumbani anaruka makochi utadhani hana mifupa lakini uwanjani akiliona handaki anagoma, anatetemeka, na mimi natetemeka, wifi yangu mwenye kijibwa cha medali anacheka mpaka anashika mbavu, nimejaribu kila kitu, muziki laini, chakula cha bei, hata fulana ya kumtuliza, na kila akisita nainama nambembeleza kwa sauti yangu ya kazini, "Usiogope, mwanangu, usiogope," maneno yaleyale ninayomwambia nikimchoma chanjo nyumbani, maana namchoma mwenyewe, kama ninavyomchoma mume wangu akiugua, lakini wapi, anaingia chini ya gari, na sasa mume wangu ameapa kwamba Jumamosi akigoma tena atamfunga mnyororo alinde duka lake la matairi, mshauri, huyu analala miguuni pangu, atakufa kwa huzuni, nifanyeje?

Mama Mbwa, roho juu

Mama Mbwa, pole sana. Haya, pole imeisha.

Mbwa wako ana akili kukushinda. Tangu udogo wake, akisikia "usiogope", sindano inafuata. Leo unamwonyesha shimo jeusi, unalitamka neno lilelile, halafu unashangaa anatafuta gari! Hata mimi ningeingia chini ya gari, na umri wangu huu. Wewe ukakimbilia kununua fulana. Jamani!

Kesho nenda uwanjani wifi asipokuwepo. Likunje handaki liwe fupi, aone mwanga. Kaa upande wa pili na kipande cha nyama, ufunge mdomo. Mikono ikitetemeka, ikalie. Akipita, mpe nyama, mchezeshe, mrudi nyumbani. Keshokutwa lirefushe kidogo. Chanjo sasa achomwe na daktari wa mifugo. Jumamosi akigoma, mtoke uwanjani kichwa juu, wifi acheke mpaka achoke.

Na mumeo akileta habari za mnyororo, usigombane naye. Kunja mikono ya blauzi, msogelee taratibu, umwambie kwa sauti yako ya kazini, "Usiogope." Tuone nani ataingia chini ya gari.