Mama wa Bucha, Hatua ya Tatu

Barnsley, 3 Septemba

Mjukuu wangu Kirsty,

Hujambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo korofi. Nasikia mchezo wako wa kompyuta umeanza kuuzwa. Miaka minne unautengeneza, nami sijauona! Nimejaribu kuununua mtandaoni, nikaambiwa ni wa watu wazima, sheria inataka nithibitishe umri. Kadi ya mkopo sina, pasipoti imekwisha muda. Nikawatumia kitambulisho cha kupandia basi bure, kile wanachopewa wazee peke yao. Wamekikataa. Nina miaka sabini na tisa, Kirsty. Nifanyeje?

Bibi yako,
Beryl

Leamington, 8 Septemba

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti. Achana na mchezo huo, tafadhali. Nikwambie ukweli: zimwi la hatua ya tatu ni mama wa bucha mwenye aproni ya mistari, anamwita kila mtu "kipenzi" huku akimkatakata. Nilimchora nikikuwaza wewe na lile duka lako la nyama la zamani, wala sikukuomba ruhusa. Sheria ilipokuzuia nilishukuru. Naogopa utaumia, na bibi mwingine sina.

Mjukuu wako,
Kirsty

Leamington, 29 Septemba

Shikamoo Bibi,

U mzima? Wiki tatu kimya, simu hupokei. Najua umeshamwona na umekasirika. Ukitaka nimwondoe, nitamwondoa, wenzangu nimeshawaambia. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Kirsty

Barnsley, 2 Oktoba

Kirsty wangu,

Mimi mzima, ila vidole gumba vimevimba. Nani amekasirika? Nilikuwa na shughuli. Kumbe mtu anaweza kupimwa umri kwa kamera. Nikaenda saluni, nikajipaka poda, nikavaa kofia ya harusini. Mashine ikasema haina hakika kama nimefika miaka kumi na minane. Mtaa mzima nimeshautangazia. Nikanawa uso, nikavua meno ya bandia, ikanifungulia papo hapo.

Na yule mama, jamani! Nimecheka mpaka jirani Maureen akaja kugonga mlango. Aproni ni yenyewe, na kiuno umenipunguzia, ahsante. Ukimwondoa nitakukana. Kosa ni moja: kisu nilikuwa nashika kwa mkono wa kushoto. Rekebisha.

Ila wiki tatu zote nimekwama hapo hapo, ananichinja kila siku kabla ya chai. Njoo Jumapili, nitaoka pai. Nawe unifundishe namna ya kunishinda.

Bibi yako,
Beryl