Mstari Nyuma ya Picha ya Koko

Mulongwe, Uvira

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Eliane,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na Junior mdogo. Je, kikohozi chake kimeisha? Sisi tunaamka wazima. Mama anauza samaki kama unavyomjua, na Papa magoti yanamuuma kila mvua inapokaribia. Kuhusu kumleta Junior akae kwetu msimu huu wa mvua, tafadhali soma kwanza barua yote.

Tangu nipate diplome ya sekondari nilikuwa nakaa nyumbani tu. Mwezi uliopita walikuja watu wanaopima mafuriko, wakiongozwa na injinia Irambona wa Bujumbura, wakahitaji mtu wa hapa wa kuwaonyesha njia na kuwaandikia. Mama ndiye aliyenisukuma. Unajua mbele ya wageni sauti yangu hupotea.

Kazi yao hufanyika ndani ya kompyuta. Wanaipa umbo la ardhi yetu, mvua ya milimani na kimo cha ziwa, nayo inaonyesha maji yatafika wapi dhoruba ikija. Irambona alinieleza kwamba ziwa likijaa, mto hukosa pa kumwagia, ukaturudia sisi tunaokaa mdomoni mwake. Lakini kompyuta haijawahi kuuona mto Mulongwe. Lazima kwanza ifundishwe yale mafuriko makubwa yaliyopita, na walimu wake ni wenye nyumba, kila mmoja akionyesha ukutani maji yalipofika.

Hapo ndipo tulipoharibu. Uvumi ulikuwa umeenea mtaani kwetu kwamba atakayeonyesha maji mengi, nyumba yake itachorwa msalaba mwekundu ibomolewe. Basi maji yakapungua midomoni mwa watu. Mzee Modeste alisema yalimnawisha miguu tu, kama padri siku ya Alhamisi Kuu. Mama Jolie alisema yalimsalimia kizingitini yakajiendea, hata kiti hayakutaka. Yaya, ni Mama Jolie yuleyule tuliyemshusha kutoka juu ya paa. Niliandika yote. Papa naye alionyesha chini ya goti, akanitazama, nikaandika hivyo.

Ramani ilipotoka, mtaa wetu ulikuwa mkavu kabisa, na walio juu, waliosema kweli, wamezama. Irambona alicheka, akauliza kama maji ya Uvira hupanda mlima. Kisha akaacha kucheka. Alisema bila hata alama moja ya kweli hawezi kuirekebisha, na shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, ameshaanza kuwaambia watu kwamba dhoruba ikija wakimbilie kanisani kwetu, kwa sababu ramani inaonyesha ni pakavu. Kanisa lile lililo karibu na ziwa. Niliwaza akina mama wenye watoto mgongoni, wakiyakimbilia maji.

Sasa nikuambie jambo nililotaka ulisikie kwangu mwenyewe. Kabla ya wageni kufika, Papa alikuwa amepaka chokaa sebule nzima. Ila picha ya Koko, bibi yetu, hakuigusa. Unajua tangu tumzike mama yake, hakuna anayethubutu kuitoa ukutani. Aliizunguka kwa brashi. Siku ambayo Papa hakuwepo nilimwita Irambona, nikaishusha picha kwa mikono yangu. Nyuma yake mstari wa matope upo bado, unanifika kidevuni. Wakati anaupima, Papa aliingia, akanikuta nimemkumbatia Koko. Nilimwambia, mbele ya mgeni, kwamba mimi ndiye niliyemwita, na kwamba maji yalifika hapa. Sauti haikupotea. Aliniuliza kama ninajua tutalala wapi nyumba hii ikibomolewa. Nilimjibu kwamba sijui.

Ramani mpya imetoka. Tumo ndani ya maji, sisi na kanisa, na watu sasa wanaambiwa wapande kwenye shule ya mlimani. Kuhusu misalaba, Irambona anasema kubomoa si kazi yake, lakini hakuweza kuniahidi kitu. Kwa hiyo, Yaya, usimlete Junior. Mpeleke kwa Shangazi kule Luvungi mpaka kiangazi.

Jana asubuhi nilisikia nyundo. Nilimkuta Papa amesimama juu ya kiti, anapigilia msumari karibu na dari, akaniomba nimpe Koko. Amemtundika juu ya mstari. Mstari wenyewe ameuacha wazi, bila chokaa.

Mfikishie shemeji heshima zangu, na Junior umshike mashavu kwa niaba yangu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Félicité