Kichwa Nilichonyoa Mushaki

Mushaki, 9 Juni 2014

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Habari za Walikale, za duka, na za lile goti? Mimi niko salama, ni mafua kidogo tu ya baridi ya huku. Nimesikia bado unamngoja kaka Lévi, na kwamba shangazi alipotaja kilio cha kumwomboleza ulimfukuza dukani. Tangu wenye silaha wamchukue njiani hatujapata habari yake, nami najua hilo linavyokuuma.

Masomo yanaendelea vizuri. Watu hapa huniita daktari wa wendawazimu, nimechoka kuwasahihisha. Kwa kazi yangu ya mwisho ya masta ninachunguza jinsi ubongo wa waliokimbia vita unavyotunza kumbukumbu. Chombo chenyewe ni kofia ya nyaya inayogusa ngozi ya kichwa na kupima umeme wa ubongo. Kina mama niliotaka kuwapima waliikataa kabisa. Mama Mukandori, mwenye nyumba ninayopanga, alisema hawezi kuvaa kitu ambacho mimi mwenyewe sijakivaa. Alikuwa na haki. Basi Jumamosi ya mwisho ya Mei nikafumua misuko yangu, nikanyoa kipara ili nyaya zishike, na Jumatatu nikaivaa mbele yao. Walicheka sana! Sasa wanakuja wenyewe, na Mama Mukandori amewahi kusinzia humo akakoroma. Nina furaha, Mama. Kazi hii naipenda.

Ila nimeiruka Jumapili, na sitaki ikufikie kwa midomo ya madereva. Baada ya misa majirani waliona kipara changu, wakadhani nimenyoa kwa sababu nimefiwa. Walikuja na maharage na makaa, wakatandika mikeka, wakaketi nami. Mama Mukandori akanishika mkono akaniuliza: “Dada, hii kilio iko ya nani?”

Nilifungua mdomo nieleze habari ya kofia. Likatoka jina la Lévi.

Walilia pamoja nami mpaka jioni, watu wasiomjua. Niliwaacha walie, Mama. Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri, na naona haya kukuambia hivyo.

Sikuombi nawe unyoe, wala uache kumngoja. Akirudi, mwambie ni mimi niliyemlilia akiwa hai. Aje anigombeze mpaka achoke, nami nitampigia vigelegele.

Nisalimie shangazi na jirani zetu wote. Mungu akulinde.

Binti yako,
Kétsia Kavira