Jina la Mama Mkwe kwenye Tiketi ya Boti

Jumatano, 6 Agosti
Nimefungua duka saa mbili. Nimeuza sindano za cherehani na mikanda miwili, basi. Kariakoo imelala. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa jicho, kasema limepona, sasa anataka kuiona Unguja kabla hajarudi kwao Rombo Jumatatu. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Miaka tisa hajawahi kuniomba kitu. Lazima aende.

Alhamisi, 7 Agosti
Kesho sikukuu ya Nanenane, boti zinajaa. Nimewahi kwa wakala mtaa wa pili, nikapata nafasi tatu za Jumamosi. Za mwisho. Akaniuliza jina la mama. Nikakwama. Kwetu mkwe hatajwi jina, namwita Mama tu. Kumuuliza mke wangu, Sia, nikaona aibu. Angenicheka mpaka Krismasi. Nikakumbuka kitabu cha mama cha nyimbo za kanisani kimeandikwa Veronika. Nikaandikisha Veronika. Mjanja mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Mjinga mimi. Sia kaziona tiketi. Veronika ni marehemu dada yake mama, kitabu kilikuwa chake. Kwenye kitambulisho mama ni Ndeshukurwa. Wakala kafunga, sikukuu. Simu hapokei. Jumapili boti zote zimejaa. Sia hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Mama keshapiga pasi gauni. Hatujamwambia. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti
Bandarini saa kumi na moja alfajiri. Dada wa mlangoni akatazama tiketi, akatazama kitambulisho. Nikamweleza ukweli wote, mama anasikia. Nilitamani ardhi inimeze.
"Miaka tisa hujui jina la mkweo?"
Mama akadakia: "Angelijua ndiyo ningemshangaa."
"Shikamoo bibi. Na yeye anaitwa nani?"
"Marahaba. Baba Doreen."
"Jina lake mwenyewe, bibi."
Mama akamtazama Sia. Hajui!
Yule dada alicheka mpaka akashika meza. Akatupeleka dirisha la pili, dakika kumi jina likabadilishwa. Nikashusha pumzi ya siku mbili. Mama katapika njia nzima. Unguja kaonja pweza, kasema mgumu. Kafurahi sana. Na mimi pia.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimemsindikiza mama kwenye basi. Kiroba chake cha nazi nimekiandika jina kwa kalamu nene, kisipotee. NDESHUKURWA. Kalisoma, kacheka peke yake. Kulitamka bado siwezi.