Popo wa Mkuyuni, Mbayuwayu wa Kanisani

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama ng'ombe, nimefundisha. Gredi ya Sita wanalinganisha wanyama wanaoruka. Nimewapa popo wa mkuyuni na mbayuwayu wa kanisani. Popo anakula matunda, mchana analala. Mbayuwayu anakula wadudu, anashinda angani. Wote wawili hawawezi kutembea vizuri chini kama kuku. Watoto wamecheka. Mimi sijacheka tangu tumzike mume wangu Njeru, mwezi wa kumi na moja.

Jumatano, 5 Machi
Watoto wanne wanaharisha. Wanakunywa maji ya tangi la kanisa. Kamati ya kanisa inasema ni mavi ya popo, mkuyu ukatwe. Mti ni wa kanisa, lakini kivuli kiko kwetu, juu ya kaburi la mume wangu. Alijichagulia hapo mwenyewe. Sitaki ukatwe. Nimeandika hivyo nione kama nitasikia kitu moyoni. Wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepanda ngazi baada ya masomo. Gata ya kanisa, inayopeleka maji ya mvua kwenye tangi, imejaa mavi makavu. Nimeyavunja kwa kijiti: mabawa ya kumbikumbi, miguu ya wadudu. Mbegu hata moja hakuna. Chini ya mkuyu mavi ni mbegu tupu. Viota vya mbayuwayu viko juu ya gata kabisa, kumi na kimoja. Popo wa watu hawana makosa.

Jumapili, 9 Machi
Kikao baada ya ibada. Nilisimama na karatasi mbili, mavi huku, mavi kule. Wengine wakashika pua. Eti mbayuwayu hawaguswi mwezi wa tatu, ndio wanaita mvua. Mwenyekiti, Mzee Nyaga, akasema taratibu, "Mwalimu, kaa tu. Tunajua ni kaburi linakusumbua." Akina mama wakanishika mkono. Nikakaa. Ningebishana, nilichoka. Nimekasirika kidogo. Afadhali.

Jumanne, 11 Machi
Wamekata. Msumeno ulianza saa tatu asubuhi. Nimewapikia wakataji chai na nduma. Ndiyo, mimi. Popo walitawanyika mchana kweupe, wengine wakagonga ukuta. Hasira imeisha. Sisikii chochote.

Jumapili, 23 Machi
Watoto wawili wanaharisha tena. Mzee Nyaga amekuja mpaka langoni, kofia mkononi. Ameuliza nilikuwa nasema nini siku ile. Nimemweleza polepole, kila kitu. Ameangalia kisiki. Akasema, "Pole, Mwalimu." Sikumuuliza pole ya nini. Nimemletea kiti. Tumekaa juani.